Faili Lililofunguliwa Upya Butimba

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, jua linapoanza kupunguza ukali juu ya mawe ya Butimba, watu wapatao wanane hukusanyika sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu, mwendo mfupi kutoka Chuo cha Ualimu. Hawakutani kwa kikao cha chama wala kwa mchango wa arusi. Hukutana kutazama televisheni, na wala si mpira. Wanatazama kwa utaratibu, tangu mwanzo, mfululizo wa Kimarekani uitwao The X-Files, ambao wengi wao waliuona mara ya kwanza ujanani, katika mabanda ya video ya mji wa Mwanza, zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Mwandishi wa safu hii ni mmoja wa watu hao, na yafaa hilo lisemwe mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Wapo watakaouliza ni vipi watu wazima, wengine wenye wajukuu, wapoteze alasiri zao kwa hadithi za viumbe wa sayari nyingine, ilhali visiwa vyetu vina matatizo ya vivuko, ya zahanati na ya bei ya samaki. Ni swali la haki. Mimi mwenyewe sikuwa na jibu lake hadi majuma matatu yaliyopita.

Kwa wasioufahamu, mfululizo huo ulitungwa na Chris Carter, ukaanza kuonyeshwa nchini Marekani Septemba 10, 1993, ukaendelea kwa misimu tisa hadi Mei 2002. Ulirejea kwa muda mfupi mwaka 2016 na tena 2018, na kwa jumla una sehemu 218, mbali na filamu mbili za sinema za mwaka 1998 na 2008. Habari yenyewe inahusu wapelelezi wawili wa FBI waliokabidhiwa kesi zilizoshindikana, zile ambazo wakubwa wao wangependa zibaki kabatini. Fox Mulder huamini karibu kila jambo, maana dada yake alitoweka utotoni naye anasadiki kwamba alichukuliwa na viumbe wasio wa dunia hii. Dana Scully ni daktari wa tiba, aliyetumwa kumchunga mwenzake kwa sayansi, na yeye hataki kusikia neno la mizimu mpaka maiti ipasuliwe na damu ipelekwe maabara. Juu yao wapo wakubwa wanaoficha, na kati ya hao yupo mvuta sigara mmoja ambaye kwa muda mrefu hatajwi hata jina.

Hadithi hiyo ilipoanza mwaka 1993, Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba walikuwa wamekwisha kuona televisheni, tena ya rangi, tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Sisi wa huku tulingoja hadi mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza Dar es Salaam. Hivyo kwa kijana wa Mwanza wa wakati ule, dirisha la kutazamia ulimwengu lilikuwa banda la video: mabati, mabenchi ya mbao, gunia kuukuu mlangoni, na kanda iliyonakiliwa mara nyingi hata nyuso za watu zikawa na rangi ya chungwa bichi.

Na katika banda alikuwamo mfasiri. Vijana wa siku hizi wanaotazama filamu kwenye simu hawawezi kujua mtu huyu alikuwa na mamlaka gani. Huko Dar es Salaam alivuma Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, ambaye kanda zake zilisafiri nchi nzima. Lakini kila mji ulikuwa na wake, na banda letu lilikuwa na wetu. Aliketi pembeni ya televisheni na kipaza sauti, akatueleza kila kinachosemwa, akaongeza yasiyosemwa, akawapa wahusika makabila na mitaa ya Mwanza. Scully akawa binti wa Bugando, kwa vile ni daktari. Mulder akawa kijana wa Kisukuma aliyepotelewa na ng'ombe, asiyekubali kulala mpaka awapate. Tulimpenda mfasiri wetu kuliko waigizaji wenyewe.

Sasa kikundi chetu kimefika msimu wa nne. Msimu huo una sehemu ya pili iitwayo Home, ya familia moja ya shambani, ya kutisha mno hata kituo chenyewe cha Marekani kilichoionyesha Oktoba 11, 1996 kiliitanguliza na onyo, kisha kikaogopa kuirudia kwa miaka kadhaa. Tuliitazama, mama mmoja akatoka nje kupunga upepo, mambo yakaisha. Hatukujua kwamba sehemu itakayotuumiza sisi ni ile inayofuata, ambayo huko Marekani wapenzi wengi wa mfululizo huhesabu kuwa miongoni mwa zile hafifu.

Sehemu hiyo inaitwa Teliko, na ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Oktoba 18, 1996. Abiria mmoja anakufa chooni ndani ya ndege iliyotoka Burkina Faso kwenda New York. Alikuwa mtu mweusi. Maiti yake inakutwa imekuwa nyeupe, ngozi yote imetolewa rangi. Baada ya hapo vijana weusi wa Philadelphia wanaanza kutoweka, na maiti ya mmoja wao inapatikana katika hali hiyo hiyo. Scully anadhani ni ugonjwa. Mulder anamfuata ofisa wa ubalozi wa Burkina Faso, ambaye hatimaye anamsimulia hadithi ya utotoni ya Teliko, roho wa hewani anayetoka usiku. Mwuaji anakuwa mhamiaji kutoka huko, Samuel Aboah, mtu aliyezaliwa bila ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambaye ngozi yake hupauka asipowanyonya wengine rangi yao. Mwanzoni mwa kila sehemu ya mfululizo huu hutokea maneno yasemayo kwamba ukweli upo huko nje. Safari hii maneno hayo yameondolewa, na mahali pake pakawekwa mengine matatu ya kudanganya, kulaghai na kuvuruga.

Nilikuwa nimekwisha kuiona. Nilijua hilo mara tu ndege ilipotokea. Niliiona mwaka 1999 katika banda lile, na si picha niliyoikumbuka, nilikumbuka sauti ya mfasiri. Ilipofunuliwa maiti nyeupe, alipaza sauti akasema: “Jamani, kageuzwa zeruzeru! Huyu hazikwi, huyu atapotea mwenyewe!” Banda zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, nikampiga kofi la bega jirani yangu, kama vijana wafanyavyo.

Hapana budi nieleze kwa wasomaji wasio wa Kanda ya Ziwa kilichotuchekesha. Ulikuwapo hapa, na haujakwisha, usemi kwamba mtu mwenye ualbino hafi bali hutoweka. Tuliusikia kwa bibi zetu kama tulivyosikia habari za sungura na fisi, na hakuna aliyetuambia tuuchunguze. Lau tungeuchunguza, tungeona kwamba jibu lake halihitaji mpelelezi kutoka Marekani. Watu hao walikufa, tena wengi wao mapema, kwa saratani ya ngozi, na aghalabu walikuwa wamefichwa ndani tangu utoto. Jirani ambaye hakumwona mtoto akikua, hakumwona akiugua, wala hakuitwa mazishini, alisema ametoweka.

Sebuleni kwa mwalimu mstaafu hakuna aliyecheka safari hii. Mmoja wa wale wanane ni mwalimu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye ana ualbino. Huketi karibu na televisheni kuliko sisi sote kwa sababu ya macho, kofia yake akiiweka juu ya magoti. Yeye hakupitia mabanda ya video, kwani wazazi wake hawakumruhusu kwenda penye giza na watu wengi. Mfululizo huu aliujua baadaye, kwa kanda za kuazima, naye anaupenda kwa ajili ya Scully. Sehemu ilipokwisha, mwenye nyumba aliwasha taa, na kila mtu akawa na shughuli ya kufanya na kikombe chake cha chai.

Mwalimu ndiye aliyevunja ukimya. “Hawa wametunga hadithi ya mtu asiye na rangi anayewala wenye rangi,” alisema. “Huku kwetu ilikuwa kinyume chake, na haikuwa hadithi.”

Baadaye nilimwomba radhi kwa kicheko cha mwaka 1999. Alinisikiliza, akaniuliza mfasiri yule yu wapi siku hizi. Nikamwambia alikwisha kufariki. “Basi imebaki kwako,” akasema, akavaa kofia yake.

Ndugu msomaji, nilipofika nyumbani nilitafuta kujua kile ambacho ningepaswa kukijua nikiwa shuleni. Ualbino hurithiwa. Mtoto hupokea chembe ya urithi yenye hitilafu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, na wazazi wote wawili waweza kuwa weusi kabisa wasijue kwamba wanaibeba. Watu wawili wa namna hiyo wanapooana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Hakuna laana ndani yake wala kosa la mama, ingawa ni akina mama wangapi waliofukuzwa na waume zao kwa tuhuma ya kuzini na wageni! Kinachokosekana mwilini ni melanini, ile rangi inayoikinga ngozi na jua na inayosaidia jicho kuona vizuri. Katika Tanzania hukadiriwa kwamba mtu 1 kati ya kila 1,400 ana ualbino, ambapo Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni mtu 1 kati ya 17,000 hadi 20,000. Ndiyo kusema watunzi wa Teliko waliandika habari ya jambo ambalo wengi wao huenda hawakupata kuliona kwa macho. Tezi ya chini ya ubongo waliyoisingizia haisababishi ualbino, na hakuna kiumbe awezaye kumnyonya mwingine melanini ikamfaa. Katika hilo Scully wao walimpa kazi mbovu.

Lakini wao walikuwa na udhuru wa umbali, na sisi hatukuwa nao. Tangu mwaka 2006 na 2007, katika mikoa hii hii ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake, watu wenye ualbino walianza kuuawa na kukatwa viungo, kwa kuwa waganga walipata kuwaambia wateja wao kwamba viungo hivyo huleta utajiri wa dhahabu na wa samaki. Mwaka 2008 mwandishi wa habari Vicky Ntetema aliwafichua waganga wa namna hiyo, akalazimika kuishi kwa kujificha. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumwua mtoto, hukumu ya kwanza ya namna yake. Hadi mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umetaja watu zaidi ya 70 waliouawa nchini tangu mwaka 2000. Desemba 2014 mtoto wa miaka 4 alichukuliwa nyumbani kwao wilayani Kwimba, katika mkoa wetu. Wala mambo hayo hayakuishia huko nyuma: mwishoni mwa Mei 2024 mtoto wa kike ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 3 alinyakuliwa huko Muleba, mkoani Kagera, na mwili wake ukapatikana mwezi uliofuata.

Mwalimu anaikumbuka miaka ile kwa neno moja, nalo ni “dili”. Alipopita stendi vijana walimwita hivyo, wengine kwa utani. Ilimbidi asitoke nyumbani baada ya saa kumi na mbili, asipande pikipiki ya mtu asiyemfahamu, asilale nyumba moja siku nyingi mfululizo alipokuwa safarini. Familia zilizofiwa zilisakafia makaburi kwa saruji nene au zikazika ndani ya nyumba, kwa kuogopa wafukuaji. Watoto wengi walipelekwa katika shule zenye ulinzi, ikiwamo Mitindo kule Misungwi, wakakulia huko mbali na mama zao. Walikuwa salama, na hilo si dogo. Lakini mtoto aliyepelekwa akiwa na miaka 6 na kurudi akiwa kijana humkuta mama yake ni mgeni.

Jumamosi iliyofuata hatukuendelea na mfululizo. Kwa pendekezo la Mwalimu tulitazama filamu ya mwaka 2012 ya Mwingereza Harry Freeland, In the Shadow of the Sun, iliyopigwa kwa muda wa miaka sita, sehemu kubwa yake huko Ukerewe. Inamfuata Josephat Torner, mwanaharakati mwenye ualbino, akienda kijiji kwa kijiji mahali ambapo watu wameuawa na kuzungumza na wanakijiji uso kwa uso. Hana bastola wala kitambulisho cha FBI. Wapo wanaomwuliza, mbele yake, kama ni kweli kwamba watu kama yeye hawafi. Naye hujibu.

Ndipo ukazuka mjadala ulionifanya niandike makala haya, na ambao nadhani unawahusu viongozi wetu.

Mmoja wetu ni mzee aliyekuwa katibu tarafa kwa miaka mingi. Huyu hutazama The X-Files kwa kuguna. Malalamiko yake ni kwamba katika sehemu zote hizo hajaona mtumishi wa serikali anayefika kazini kwa wakati, akafanya kazi yake, akaenda nyumbani. Wote ni waongo au wauaji. Nilimkumbusha habari za Skinner, mkuu wa wale wapelelezi wawili, mtu mgumu lakini mwadilifu. Akasema mmoja kati ya mia si sera. Aliona hatari ya kumfundisha mwananchi kutomwamini mtu yeyote. Ukweli ni kwamba kwa hilo nakubaliana naye zaidi ya anavyofikiri. Huku ziwani tulifika mahali ambapo mtu hakumwamini jirani, mganga, mjomba, wala wakati mwingine baba mzazi, maana katika kesi kadhaa ndugu wa damu walishtakiwa. Hapana mwandishi wa Marekani aliyetufundisha kutoaminiana kwa kiasi hicho.

Mwalimu akamrudisha kwenye Teliko. Akamwuliza anamwonaje yule ofisa wa ubalozi. Katika hadithi, ofisa huyo alijua tangu kifo cha kwanza kilichotokea ndani ya ndege, naye akatumia cheo chake ili upelelezi usiendelee. Si kwa ukatili, bali kwa sababu aliona hakuna atakayemsadiki, na kwamba nchi yake ingeaibika. Vijana wengine wakafa kwa sababu ya adabu ya ofisa mmoja.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akatueleza jambo ambalo katika Jumamosi zote hajapata kulisema. Machi 2009 Serikali iliendesha kura ya siri katika mikoa yetu. Kila mwananchi alipewa karatasi aandike jina la mtu anayemshuku kwa mauaji ya watu wenye ualbino, pamoja na uhalifu mwingine mkubwa, bila kutia jina lake mwenyewe. Yeye alikuwa mmoja wa waliosimamia. Alisema watu walikuja kwa mstari toka alfajiri, wazee wakisaidiwa na wajukuu, na kwamba katika utumishi wake wote hajaona wananchi wakiiamini Serikali kwa kiasi kile, hata siku ya uchaguzi. Masanduku yakafungwa kwa lakiri. Akayakabidhi, akatia sahihi, akapewa stakabadhi. “Tangu siku hiyo,” alisema, “sijaulizwa wala sijaambiwa.”

Nami nakiri la kwangu, maana sebule ile imekuwa mahali pa kukiri. Karatasi yangu ya mwaka 2009 niliitumbukiza tupu. Sikukosa la kuandika. Nililikunja jina moja moyoni nikaogopa mwandiko wangu utajulikana.

Nilidhani Mwalimu atataka majina yale yote yabandikwe kwenye mbao za matangazo. Mzee naye alidhani hivyo, akaanza kujihami: kwamba karatasi zile huenda zilijaa chuki za mipaka ya mashamba; kwamba katika Usukuma vikongwe wameuawa kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo yaliwapata kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe; kwamba jina likitolewa hadharani bila ushahidi, usiku huo huo kuna nyumba itateketezwa. Ana haki kabisa, nasi sote tulimwambia hivyo. Mwalimu akasema yeye hataki jina hata moja. Anataka kuambiwa karatasi zilikuwa ngapi, majina mangapi yalifuatwa na polisi, mangapi yalionekana ni fitina, na mangapi yalifika mahakamani. Hesabu tu. “Mimi nafundisha hesabu,” alisema.

Ombi hilo ni dogo, nami naliweka mbele ya viongozi wa mkoa na wilaya wanaosoma ukurasa huu. Aliyeandika jina aliikopesha Serikali imani yake, na mkopeshaji ana haki ya kuuliza. Isitoshe wakati wenyewe unadai. Februari 2025 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba nchi yetu haikutimiza wajibu wake wa kuwalinda watu wenye ualbino. Watumishi wengine wa serikali wameisoma hukumu hiyo kama tusi. Ingefaa waisome kama Scully asomavyo ripoti ya maabara, wakitafuta ni wapi mwili ulidhoofika. Sheria yetu ya Uchawi, kwa mfano, asili yake ni mwaka 1928, na hadi leo mwananchi wa kawaida haelewi mganga wa mitishamba anaishia wapi na mpiga ramli anaanzia wapi.

Kuna na jambo jingine, lisilo na fumbo lolote, ambalo linaua watu wengi kimyakimya kuliko mapanga. Ni jua. Mtu mwenye ualbino anayeishi Ukara au Irugwa, anayevua au kulima mihogo kutwa, huweza kupata vidonda vya saratani akiwa bado kijana. Dawa ya kukinga ngozi inatengenezwa hapa hapa nchini, kule KCMC Moshi, kwa jina la Kilisun. Kofia pana haihitaji kiwanda. Lakini dawa ikiwa Moshi na mgonjwa akiwa Ukara, kati yao kuna kivuko, basi, nauli na siku mbili za kazi. Akifika Bugando na kidonda cha miaka miwili, daktari bingwa atafanya nini? Zahanati za visiwani zikiwa na mafuta hayo rafuni kama zilivyo na dawa za malaria, na mhudumu akafundishwa kutazama masikio, shingo na midomo ya kila mtu mwenye ualbino anayeingia hata kama amekuja kwa homa, wengi wataishi. Kwa gharama, hilo halifikii hata semina mbili za hotelini.

Nilimwuliza Mwalimu, tulipokuwa tukiteremka kwenda barabarani, kwa nini anaendelea kutazama mfululizo uliompa pigo kama lile. Alisema Teliko ni sehemu 1 kati ya 218, na kwamba alipokuwa binti hakuwa amepata kumwona mwanamke ambaye kazi yake ni kusema, mbele ya wanaume, “Hapana, leteni ushahidi kwanza.” Hakuwa peke yake, kumbe. Mwaka 2018 taasisi ya Geena Davis ya Marekani ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba karibu theluthi mbili ya wanawake waliohojiwa wenye kazi za sayansi na ufundi walimtaja Scully kuwa kielelezo chao. Mwalimu hakuujua utafiti huo. Alijua tu kwamba baada ya Scully aliacha kuogopa somo la baiolojia, na kwamba siku alipofundishwa chembe za urithi chuoni aliinua mkono, akaeleza darasa zima habari za mwili wake mwenyewe, kabla mkufunzi hajafika kwenye mfano wa mbegu za njegere.

Jumamosi ijayo tunaendelea na sehemu ya nne ya msimu, Unruhe, ya picha zinazoonyesha mawazo ya mtekaji. Tutaanza saa tisa badala ya saa kumi, kwa kuwa Mwalimu ana safari ya Nansio kesho yake na hapendi kufunga mizigo usiku. Mwenye nyumba amesogeza kiti chake karibu zaidi na televisheni na kubandika kitambaa dirishani, maana mwanga wa alasiri unamwumiza macho. Na mzee katibu tarafa ameahidi kuja na bahasha yake ya mwaka 2009. Anasema stakabadhi ya masanduku bado anayo.